Padre, wazee, ushirika au chumba kilichofungwa: ukiwa na hatia Nairobi, umwendee nani?

Pesa zilikuwa 14,500. Zilikuwa za kamati ya mazishi ya mume wa shangazi yangu, na zilikuwa kwenye simu yangu kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa mweka hazina usiku ule wa kwanza tulipokutana katika hoteli moja ya orofani karibu na Tom Mboya, chai na mandazi mezani. Kodi yangu ya nyumba ilikuwa imechelewa siku tisa. Nikamtumia mwenye nyumba. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya Ijumaa. Nilizirudisha kweli, ila wiki tatu baada ya mazishi, na kwenye daftari nikaziandika kama mchango uliochelewa wa "rafiki wa familia". Hakuna aliyeuliza.

Kilichoninyima usingizi ni siku tulipoenda kwa mafundi wa majeneza karibu na mochari ya City. Shangazi alikuwa ameweka mkono juu ya jeneza la mahogani. Akanigeukia, "Tuko na ngapi?" Nikamtajia hesabu iliyopungua. Akaondoa mkono, akaenda kwenye lile la mbao laini lililopakwa vanishi, akauliza bei.

Kwa mwaka mmoja na nusu nilibisha hodi kwenye milango kadhaa nikitafuta wa kuniondolea ule mkono. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye na lake, anayejiuliza aende wapi. Mimi si mchungaji wala mwanateolojia; kazi yangu ni vitabu vya hesabu katika kampuni ndogo Industrial Area (ndiyo, najua), kwa hiyo kulinganisha ni mazoea. Nimegundua kwamba milango hii hutofautiana hasa kwa swali ambalo kila mmoja hukuuliza ukishakaa. Kuna maswali uliyokwisha kuyajibu rohoni, na kuna lile moja unalolikwepa. Nenda penye lile moja.

Chumbani, mlango ukiwa umefungwa

Wengi wetu tuliookoka tulifundishwa kuanza hapa, na wengi huishia hapa. Mathayo 6:6 inakutuma chumbani ukafunge mlango. 1 Yohana 1:9 inaahidi: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Hakuna foleni, hakuna nauli, hakuna anayekutazama. Kwa hasira ya asubuhi kwenye matatu, kwa wivu, kwa maneno uliyoyasema moyoni tu, sioni sababu ya kumsumbua mtu mwingine.

Nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala na watu wanne, kwa hiyo chumba changu cha maombi kilikuwa bafu. Niliomba humo miezi minne. Niliisoma Zaburi ya 51 mpaka nikaikariri. Tatizo ni kwamba humo ndani mimi ndiye niliyekuwa mshtakiwa, mimi wakili, na mimi karani wa mahakama. Kila usiku kesi ilizidi kuwa nyepesi: pesa zilirudi, sivyo? Kodi ni lazima, sivyo? Asubuhi mkono wa shangazi ulikuwa palepale juu ya mahogani. Daudi ana mstari unaoisema hali hii kuliko niwezavyo, Zaburi 32:3: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa."

Nilikuwa sijanyamaza mbele za Mungu. Nilikuwa nimemnyamazia shangazi.

Ushirika

Mlango huu, yaani mkutano mdogo wa ndugu wa Uamsho, nitaukalia kidogo, maana vijana wa Nairobi wanaujua kama jambo la bibi zao tu. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la kuokoka na kutubu, uliwaka Rwanda na Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Gahini huko Rwanda ikiwa kitovu chake, na mwaka 1937 timu kutoka Rwanda ikafika Kabete, nje kidogo ya mji huu. Kutoka hapo ukaenea katika Anglikana, Presbiteri na Methodisti bila kuunda dhehebu jipya. Silaha yake kubwa ilikuwa "kutembea nuruni": unasimama mbele ya ndugu, unalitaja kosa lako kwa jina, kisha unakwenda kurudisha ulichochukua. Watu walirudisha majembe, blanketi, vifaa vya serikali, madeni ambayo hata mdai alikuwa ameyasahau. Hawa ndio waliokataa kula kiapo wakati wa Mau Mau, na wengine wakafa kwa ajili hiyo, kwa hiyo usidhani ni wazee wa kuimba tu.

Ushirika niliokwenda hukutana sebuleni mwa mtu huko Umoja, Alhamisi jioni. Mama mmoja wa miaka sabini hivi, mwalimu mstaafu, alisimama akasema kwamba alipokuwa akifundisha alikuwa akibeba madaftari ya shule kwenda nyumbani kwa watoto wake, na kwamba wiki ile alikuwa amepeleka katoni mbili kwa mwalimu mkuu wa sasa, kijana ambaye hakuelewa kabisa anapewa kwa nini. Watu wakacheka naye, wakaimba. Nami nikapata ujasiri. Nikasimama nikasema, "Bwana asifiwe. Nimekuwa na udhaifu katika mambo ya fedha, naomba mniombee." Wakaimba tena. Nikaketi nikijiona mwepesi.

Wakati wa kuondoka, yule mwalimu alinishika kifundo cha mkono pale getini. "Binti, huo udhaifu ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Za nani?"

Nikamwambia.

"Na yeye anajua?"

Hilo ndilo swali la ushirika. Katika milango yote hii, sijaona mwingine unaouliza *kiasi gani* na *anajua?* upesi na wazi namna ile. Kama unalolikwepa ni kutaja kosa kwa jina lake, kama umezoea maneno ya "udhaifu" na "changamoto", tafuta mzee wa uamsho. Hatakuacha upite na maneno laini.

Lakini lipime na hili. Siku mbili tu baadaye dada mmoja wa ushirika, ambaye hakuwa getini, alinisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Habari hutembea. Zamani zilitembea kwa miguu. Siku hizi huingia kwenye kundi la WhatsApp zikiitwa ombi la maombi, "tumkumbuke dada yetu, anapitia jambo la kifedha", na kabla ya saa sita watu mia moja na tisini wameweka viganja. Kama kosa lako lina mtu mwingine ndani yake, hasa la ndoa au la mwili, usilipeleke sebuleni. Nimewahi kumsikia mwanamume akiungama uzinzi huku mkewe akiwa ameketi viti viwili kutoka kwake, na ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Yeye alitoka amepona. Mkewe hatukumwona tena.

Kwa padre

Mume wangu ni Mkatoliki, na yeye ndiye aliyesema, "Wewe shida yako ni kwamba kila anayekusikiliza ana mdomo."

Kwa usiri, hakuna mlango unaoufikia huu. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamkataza padre kumsaliti mwungamaji kwa neno au kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Anayeivunja siri hiyo moja kwa moja hujitenga na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo ni kazi ya Roma. Wajibu wa kuungama dhambi nzito angalau mara moja kwa mwaka ni wa tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, 1215. Parokia nyingi za mjini huwa na saa za kitubio, mara nyingi Jumamosi alasiri, na wiki ya mwisho kabla ya Pasaka foleni hupinda kona. Hakuna malipo. Unasema ni lini uliungama mara ya mwisho, unataja dhambi, unapewa malipizi, unasali sala ya kutubu, unapata maondoleo. Kwa mtu anayejijua, ni dakika tano.

Mimi si Mkatoliki, na hapa watu wengi huchanganyikiwa. Mprotestanti anaweza kuketi na padre akazungumza naye, lakini maondoleo ya sakramenti hapewi, isipokuwa katika dharura kubwa kama hatari ya kufa, na kwa masharti. Padre aliniambia hivyo mwanzoni kabisa, kwa upole, tukiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia. Kisha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pesa zilirudi?"

"Zilirudi, padre."

"Na kwenye daftari uliandikaje?"

Nikamweleza ule mchango uliochelewa. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo katika hesabu za marehemu kuna rafiki wa familia ambaye hayuko duniani."

Miezi yote ile, mimi mtu wa vitabu, sikuwa nimeuhesabu ule uongo wa kalamu. Mapadre wamezoea kuchambua kosa vipandevipande: kitendo, nia, madhara, kinachoendelea mpaka leo. Kama hatia yako ni donge usilojua lina nini ndani, huyu ni fundi mzuri wa kulifumua. Udhaifu wa mlango huu ni huohuo wa usiri wake. Ukitaka unaweza kuungama kila mwezi kosa lilelile, kwa mapadre tofauti mjini, na hakuna atakayekudai ushahidi kwamba ulimwendea uliyemkosea. Mume wangu anakiri amewafahamu watu wa namna hiyo. (Hakuwataja majina.)

Waanglikana nao wanayo maungamo ya faragha kwa kasisi, ingawa wengi hutosheka na yale ya pamoja katika ibada. Msemo wao wa zamani juu yake ni kwamba wote wanaweza, wengine wanapaswa, hakuna anayelazimishwa. Muulize kasisi wako, usishangae akishangaa.

Mbele ya wazee

Kanisa nililolelewa, ambalo silitaji, lilikuwa na nidhamu. Ukikosa, unaitwa na baraza la wazee, unatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, unaondolewa kwaya, kisha siku moja unarudishwa mbele ya kusanyiko. Msingi wake ni Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia hao liambie kanisa. Hatua tatu. Ninaowafahamu wengi walianzia ya tatu.

Rafiki yangu alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa. Alisimamishwa mbele, akasomewa, akaketishwa benchi ya nyuma. Kijana aliyehusika alipiga ngoma Jumapili hiyohiyo. Mweka hazina wa jengo jipya, ambaye kila mtu alijua habari zake, alisoma matangazo. Hii ndiyo hesabu yangu kubwa dhidi ya nidhamu ya hadharani kama nilivyoiona: huwakamata ambao kosa lao linaonekana kwa macho. Tumbo haliwezi kuandikwa "rafiki wa familia".

Hata hivyo siufungi mlango huu, na sababu ni neno moja. Waebrania 12:6 katika Biblia yetu ya Union yasema, "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Nikiwa mtoto nilidhani maana yake ni kwamba Bwana humrudia, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Baadaye nikafundishwa kwamba *kurudi* hapo ni kukanya, kutia adabu. Leo nadhani yule mtoto hakukosea sana, maana Wagalatia 6:1 inatoa amri kwamba aliyeghafilika katika kosa arejezwe "kwa roho ya upole". Wazee wanaoyashika yote mawili wapo. Nimewaona wakikaa na ndugu waliogombea shamba mpaka saa nane usiku, na hakuna aliyesomewa chochote Jumapili.

Kwa hiyo ukiitwa, au ukijipeleka mwenyewe, uliza mambo matatu kabla ya kukubali: nidhamu hii ni ya muda gani, nani atakuwa akinitembelea katika muda huo, na nitarudishwa vipi. Wakikosa jibu la swali la pili, mimi ningeomba muda wa kufikiri. Swali lao wao ni *nani mwingine ameumia?* na ndilo hasa unalolihitaji kama wewe ni kiongozi, kama pesa ni za kanisa, au kama kosa limekwisha kuwa gumzo la mtaa. Huko kuungama chumbani ni kujificha.

Na kama lililotokea ni jinai, mtoto kuguswa, mtu kupigwa, basi wazee si pa kwanza. Polisi ni pa kwanza, na aliyeumizwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Baraza linalosema "tulimalize nyumbani" linamlinda mtu asiyestahili.

Kesha la ukombozi

Fupi. Nilikwenda Ijumaa moja. Niliambiwa ni roho ya madeni kutoka ukoo wa baba, nikawekewa mikono, tukapiga kelele mpaka saa kumi alfajiri. Nawajua watu waliosaidika kwenye makesha na siwacheki. Ila mimi sikuwa na roho ya ukoo, nilikuwa na kodi, na kiasi pekee nilichoulizwa usiku ule ni cha sadaka ya shukrani.

Hatia isiyokuwa na kosa

Iko aina moja ambayo milango yote hapo juu inaweza kuizidisha. Jirani yangu alichelewa kufika kijijini, mama yake akafa Jumanne naye akafika Jumatano. Ametubu miaka sita. Anatubu nini? Hakukuwa na basi. Huyo anahitaji kuomboleza na mtu anayejua kazi hiyo, na hapa Kenya washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa kabla ya kumfungulia moyo.

Vivyo hivyo kwa anayeungama, anasamehewa, na kufika steji ya matatu ameanza upya: je, nilisema yote? Je, nilitubu kikweli? Jambo hili ni la zamani. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, lilimtesa huko Manresa, Hispania, mwaka 1522 mpaka akafikiria kujiua, na Martin Luther akiwa mtawa alikuwa akimchosha mwungamishi wake (padre anayemsikiliza) kwa saa nyingi mfululizo. Dawa ya wazee wa Kanisa ilikuwa kushika mwungamishi mmoja na kumtii akisema basi, yatosha. Leo ningeongeza daktari, maana wakati mwingine ni ugonjwa unaotibika. Na kama mawazo yanafika pale yalipomfikisha Ignatius, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo.

Kwa hiyo?

Ningekuwa mwanzo tena na 14,500 zangu, ningeruka kesha, na bafuni ningekaa wiki moja badala ya miezi minne. Ningeanza na yule mwalimu wa Umoja, faragha, kabla ya kusimama mbele ya mtu yeyote. Ningekuwa Mkatoliki ningeanza na padre halafu nimtafute mwalimu. Wazee ningewaendea kama pesa zingekuwa za kanisa. Na Zakayo ningemsoma mapema zaidi, Luka 19:8, maana katika habari ile yote hatusikii akiulizwa dhambi zake. Tunamsikia akitaja mara ngapi atarudisha.

Nilimwendea shangazi Jumamosi moja baada ya mvua. Nilikuwa nimebeba daftari la kamati na bahasha yenye tofauti ya bei ya yale majeneza mawili, ambayo nilikuwa nimerudi kumuuliza fundi. Nilimwambia kila kitu, pamoja na rafiki wa familia. Hakusema amenisamehe. Aliiacha bahasha mezani, akavaa miwani, akavuta daftari, akaanza kulisoma tangu ukurasa wa kwanza, kidole mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa tatu akasimama.

"Na hii elfu mbili ya gari la maua? Maua gani? Mimi sikuona maua."

Hiyo nilikuwa na risiti yake. Nikaanza kuitafuta kwenye mkoba.